Tangi Aliloachiwa na Kaka

Marubani wenzake walimwita Kijiti, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mafuta ya ndege ndogo hupimwa kwa kijiti: unapanda juu ya bawa, unafungua kifuniko cha tangi, unachovya kijiti chenye alama, unakitoa na kusoma palipolowa. Wengi hufanya hivyo wakiwa na muda, au wakiwa na mtu anayewatazama. Mwanamke huyu alipima kila ndege aliyokabidhiwa, jua liwake au mvua inyeshe, hata ile aliyoiona kwa macho yake ikijazwa. Wenzake walimtania kwamba siku akiolewa, mume hatatoka nyumbani asubuhi kabla hajachovywa. Yeye alicheka na kuendelea kupanda bawa. "Gari likiishiwa mafuta unashuka unasukuma," alikuwa akiwajibu. "Kule juu utashukia wapi?"

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ndege yake hakuipima, naye ni kaka yake wa tumbo moja. Na kama yupo mtu katika dunia hii aliyestahili kupimwa asubuhi, mchana na jioni, basi ni huyo huyo.

Tusimwonee lakini. Kaka ndiye aliyemtia wazimu wa ndege. Alikuwa ameshapata leseni wakati dada mtu bado anavaa sare ya shule, tena sare ya kurithi, maana katika nyumba ile kila kitu kilianza kwa kaka ndipo kikashuka: baiskeli, koti la mvua, meza ya kusomea, hata kitanda kilichobonyea katikati. Jioni, mama akishaondoa vyombo, kaka alimkalisha mdogo wake mezani na kumwekea mabakuli mawili ya maji, ndiyo matangi hayo, na kijiko, ndiyo koki ya mafuta. "Injini inanyonya bakuli hili," anamwambia. "Unaangalia saa. Likipungua, unageuza kijiko. Ukisahau kugeuza je?"

"Nakufa," anajibu yule binti.

"Hufi, mjinga wewe. Unatafuta shamba."

Walicheka sana kwenye meza ile. Na mtu aliyekufundisha jambo ukiwa mdogo, tena kwa kicheko, ni vigumu sana kumshuku ukubwani.

Leseni yenyewe Kijiti hakuirithi. Aliisomea, akaanguka mtihani, akarudia, akaipata. Ilikuwa na picha yake na jina lake, na ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwahi kuwa cha kaka kwanza. Alitembea nayo kila mahali, hata sokoni, utadhani muuza nyanya angemwomba amwonyeshe.

Ndugu hao wawili waliirusha kwa zamu ndege moja ya tajiri mmoja. Kiwanja chenyewe hakikuwa na mnara wala uzio wa maana. Palikuwa na njia ya udongo, banda la mabati, soksi ya upepo iliyochanika, na mapipa ya petroli yenye pampu ya mkono ambayo kila mwenye ufunguo alijipampia. Walibeba vitu na watu wenye haraka: dawa, vipuri vya trekta, mganga mkuu na mikoba yake, na siku moja keki ya harusi iliyokalia kiti cha mbele na kufungwa mkanda kuliko abiria yeyote. Tajiri alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa ni kulalamikia bei ya mafuta.

Ndege hiyo ilikuwa na tangi moja katika kila bawa, na injini ilinyonya upande mmoja tu kwa wakati. Ziko ndege ambazo koki yake hufungua pande zote mbili kwa pamoja. Hii haikuwa na huruma hiyo. Geji za mafuta zilikuwepo, mishale miwili iliyochezacheza nyuma ya kioo, lakini fundi alikwisha kuwaonya kwamba geji za ndege ndogo ni mashahidi wa kununuliwa. Ndipo kaka akabuni njia yake. Alichomoa kibanio cha nguo kwenye kamba ya mama, akakipachika kwenye usukani: kikiwa upande wa kulia, tangi la kulia ndilo lililojaa, anza na hilo, kikiwa kushoto, vivyo hivyo. Anayetua ndiye anayekibana, anayefuata anakiamini.

Mwanzoni Kijiti alikiamini kibanio na bado akapima. Kisha siku moja kaka alimkuta juu ya bawa la ndege aliyoishusha yeye muda si mrefu.

"Unanipima mimi?" akauliza. Hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Alisimama pale chini, kofia mkononi, uso umemwanguka. "Mimi niliyekushika mkono mpaka ukaujua usukani, leo unapanda juu kuangalia kama nakudanganya?"

Kijiti alishuka kwa aibu, akaomba radhi, na tangu siku hiyo hakuichovya tena ndege iliyotoka mikononi mwa kaka yake. Aliona kumpima ni kumvunjia heshima. Heshima ni kitu kizuri, hakuna anayebisha, ila haiwaki kwenye injini.

Mwaka huo kaka akaitwa na kampuni kubwa, ya zile ndege zenye vyoo na wahudumu wanaotabasamu. Nyumba nzima ikapagawa. Mama aliwaambia majirani kabla kaka hajawaambia wakwe. Wifi yake Kijiti, yaani mke wa kaka, alinunua suti na kuitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa. Kilichobaki ni mtihani wa kuruka mbele ya rubani mkuu wa kampuni hiyo, na hapo ndipo kaka alipoanza kukosa usingizi. Kwa miaka mingi alikuwa akirusha ndege kwa mstari ulionyooka, kutoka hapa kwenda pale na kurudi. Ile mizunguko na michezo ya hewani ambayo watahini huipenda ilikuwa imeshamtoka mikononi. Alimwomba tajiri ndege ya kufanyia mazoezi. Tajiri akasema, "Hii ndege si ya shule." Basi.

Jioni moja kaka alitua, akajaza tangi la kulia hadi mdomoni, akabana kibanio kulia, akarudi nyumbani. Wakiwa mezani alimwambia dada yake, "Safari ya kesho ni yako. Kulia nimejaza pomoni, kushoto kuna masazo ya dharura tu. Wewe ni kupanda na kwenda."

"Ahsante, kaka."

Mama alikuwa akipakua wali. "Nyumba hii siku hizi inanuka petroli hata kwenye mazungumzo," akasema. "Mkiendelea na hizo pampu zenu mtakula nje." Wakacheka wote watatu. Kila neno alilolisema kaka jioni ile lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililokuja kumuuma Kijiti kuliko yote.

Abiria wa asubuhi alikuwa daktari wa mifugo, mtu mnene, mpole, aliyepakata sanduku la barafu lenye chanjo za ng'ombe na kukataa katakata lisiwekwe nyuma. Kijiti aliizunguka ndege, akagusa matairi, akakinga petroli kidogo chini ya kila bawa kuangalia kama imeingia maji. Ilitoka safi. Ingetoka safi hata kama tangi limebakiwa na vikombe vichache, maana vikombe hivyo hukaa chini, na chini ndiko petroli inakokingwa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa mlangoni, ukakishika kijiti. Akatazama usukani: kibanio kulia. Akakirudisha kijiti mahali pake.

Alipowasha injini, mshale wa tangi la kulia ulikuwa umelala chini. "Wewe leo umelala mapema," akauambia, akaigonga ile geji kwa ukucha. Masikini geji. Ilikuwa imesema uongo miaka yote, na siku iliposema kweli ikakosa wa kuiamini.

Walikuwa wamekwisha kuacha nyuma mashamba ya jirani injini ilipoanza kukohoa. Ilikohoa, ikavuta, ikakohoa tena, kisha ikalegea. Mwili wa Kijiti ulijua la kufanya kabla ya akili yake: pua chini ili mwendo usife, koki kushoto, pampu ya umeme. Injini ikashika, ikanguruma.

"Nilidhani ndiyo basi," akasema daktari wa mifugo, akicheka kwa pumzi fupi.

Kijiti alijua kushoto kuna nini. Alianza kuigeuza ndege kurudi kiwanjani, huku swali moja likimzunguka kichwani: mafuta aliyoyajaza kaka yamekwenda wapi? Hawakufika. Injini ilizima mara ya pili, na safari hii hapakuwa na upande wa kugeuzia. Propela ilizungushwa na upepo tu. Katika ukimya ule ghafla vilisikika vitu ambavyo kwa kawaida havisikiki: upepo kwenye ufa wa mlango, chupa za chanjo zikigongana ndani ya sanduku.

Alichagua shamba lililokwisha kuvunwa. Akataja redioni mahali alipo, akafunga koki, akafungua mlango kidogo usije ukabana, akamwambia daktari aweke sanduku chini na kuinamisha kichwa. Magurudumu yaligusa vizuri, vizuri kuliko siku nyingi za kiwanjani. Kisha gurudumu la mbele likakuta mfereji.

Daktari alivunjika mkono. Kijiti alivunjika mbavu na kifundo cha mguu. Wakulima walikuja mbio na ndoo za maji kuzima moto, lakini hapakuwa na moto. Bawa la kulia lilikuwa limechanika hadi ndani ya tangi, na udongo chini yake ulikuwa mkavu. Hapakuwa hata na harufu ya petroli. Kijiti aliketi akiegemea gurudumu, akaupapasa udongo ule kwa kiganja, akanusa vidole vyake, na vidole vikanuka udongo.

Kaka alifika hospitalini hata kabla ya mama. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa dada yake, akaulowesha kwa machozi.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoka nayo alfajiri. Nilitaka mazoezi kidogo tu, mdogo wangu, kidogo tu. Nikapanda, nikageuza, nikarudia, saa ikanipotea. Niliporudi nilikuta kunakucha, tajiri yuko njiani. Nikaiegesha, nikakimbia. Kibanio hata sikukigusa."

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Nilidhani yaliyobaki yatatosha. Halafu..." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Halafu niliona aibu."

Kijiti alimtazama. Mbavu zilikuwa zikimuuma kila akivuta pumzi, na bado alimwonea huruma. Huo ndio ujinga wa mapenzi ya ndugu. Kaka akamwomba siku chache. Afanye mtihani wa ile kampuni, asaini mkataba, akishasaini atakwenda mwenyewe kwa mkaguzi wa usafiri wa anga na kusema kila kitu. Aliapa kwa jina la mama yao. Kijiti akasema sawa.

Mkaguzi alipokuja alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, aliyeomba ruhusa hata ya kuvuta kiti. Kijiti alimwambia ukweli kuhusu nafsi yake bila kuulizwa mara mbili: hakupima. Alipaswa kupima, kijiti kilikuwepo, akakirudisha. Mkaguzi akaandika. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Baada ya kaka yako kuiegesha jioni, kuna mtu mwingine yeyote aliyeirusha kabla yako?"

Kijiti akatazama dari.

"Hakuna," akasema.

Ulikuwa uongo mmoja, wa neno moja, aliousema kwa ajili ya mtu aliyempenda.

Kaka alifaulu mtihani wake. Alikuja kumwona dada nyumbani na mfuko wa machungwa, wakaongea, wakacheka kwa tahadhari kwa sababu ya mbavu. "Sasa lini?" Kijiti akauliza. Kaka akamenya chungwa. Juma lililofuata alikuja tena na machungwa. "Umeshasaini?" Amesaini. "Sasa lini?" Akamenya chungwa. Kijiti alikula machungwa mengi kipindi hicho. Nje, majirani waliokuwa wakimpungia mkono zamani walianza kusema aliye juu mngoje chini, na baadhi yao walihakikisha anasikia. Tajiri alikuwa amepoteza ndege yake ya pekee, na kwa kila aliyemkuta alisema ni mwanamke yule aliyeiua. Kijiti alinyamaza. Aliamini kaka akishasema, yote yatafutika. Atapewa onyo kwa kutopima, litakuwa onyo la haki, atakaa chini kwa miezi kadhaa na leseni yake itarudi. Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakutaka kaka afungwe wala afukuzwe. Alitaka leseni yake.

Mkaguzi akaja nyumbani. Walikaa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa alivyovifuma mama kwa mkono wake, Kijiti mguu juu ya stuli, kaka karibu na dirisha amevaa shati jipya, mama akimimina chai.

"Nimebakiwa na kitu kimoja," mkaguzi akasema. "Tangi la kulia lilikuwa na mafuta kiasi gani jioni ile ulipoiacha ndege?" Alikuwa akimtazama kaka.

Kijiti alijisikia mwepesi. Saa yenyewe imefika, alijiambia.

"Lilikuwa na kidogo," kaka akasema. Alikiambia kikombe chake, hakumwambia mtu. "Ndiyo maana nilimwambia dada ajaze kabla ya kuondoka."

Mbavu zilizokwisha kuunga zilimuuma upya zote pamoja.

"Kaka!"

"Nilikwambia, mdogo wangu. Siku ile ulikuwa umechoka. Sikulaumu." Akamruka futi mia, tena kwa sauti ya upole, sauti ile ile ya mabakuli na kijiko.

Hapo Kijiti alisema yote: tangi lilijazwa, kaka mwenyewe ndiye aliyelimaliza alfajiri, alikuja hospitalini akalia, akaomba siku chache. Alisema kwa haraka na kwa sauti ya juu, na alijisikia mwenyewe akisikika kama mwongo. Mkaguzi alimsubiri amalize, akafunua karatasi zake.

"Nilikuuliza hospitalini kama kuna mwingine aliyeirusha. Ulisema hakuna."

"Nilisema hivyo kwa sababu yeye aliniomba."

"Basi moja kati ya majibu yako mawili si kweli, dada yangu," akasema, bila ukali. "Nami sina njia ya kujua ni lipi. Mlinzi wa kiwanja anasema alisikia mlio, lakini ndege za kunyunyizia dawa mashambani nazo hupita." Akageuza karatasi. "Maneno hayo ya kujaza mafuta mliyasemea wapi?"

"Hapa nyumbani," Kijiti akasema. "Mezani. Mama alikuwepo."

Na karibu atabasamu. Huyu alikuwa mama aliyemrudisha dukani kwa miguu, mvua ikinyesha, kwa ajili ya pipi moja ambayo muuza duka alimzidishia kwa bahati mbaya. Mama aliyewachapa wote wawili kwa uongo mdogo kuliko punje. Kaka anaweza kumruka. Kaka ni kaka. Mama hawezi.

Mama aliweka birika chini. Akafuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na maji. Akamtazama kaka, akaitazama sinia.

"Alimwambia ajaze," akasema. "Nilisikia. Nilikuwa napakua."

Mkaguzi akaandika, akashukuru kwa chai, akaaga.

Uamuzi ulipotoka, leseni ilifutwa. Kwa kutopima mafuta angepewa adhabu ya muda, na hilo alilikubali tangu mwanzo. Kilichoifuta ni kutoa maelezo ya uongo kwa mkaguzi na kujaribu kumsingizia mwenzake. Tajiri alimpigia simu ili amwambie mwenyewe. "Rubani asiyepima ningemvumilia," akasema. "Rubani mwongo simpi hata toroli." Marubani wenzake hawakumpigia. Daktari wa mifugo peke yake ndiye aliyefika, mkono bado umefungwa, akakaa sebuleni na kusema kwamba yeye haelewi mambo ya matangi, anachoelewa ni kwamba aliwekwa chini akiwa hai. Kijiti alimshukuru, akajizuia asilie mpaka alipoondoka.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na karamu. Kaka alikuwa anaondoka kwenda kuanza kazi, na wifi alitaka ndugu wamwone ndani ya sare mpya. Kijiti alimkuta mama jikoni, peke yake, amezungukwa na masufuria. Akasimama mlangoni, amejiegemeza kwenye fimbo ya hospitali.

"Ulikuwa unapakua, mama, ni kweli," akasema. "Ukasema tutakula nje."

"Nakumbuka."

"Sasa ilikuwaje?"

Mama alijibu huku akikoroga, bila kugeuka. "Mchuma janga hula na wa kwao, mwanangu."

"Mbona huyu kachuma yeye, nikala mimi peke yangu? Nyinyi naona mnakula nyama."

Mama akaweka mwiko chini. Uso wake ulikuwa umechoka, na Kijiti aliona kwamba hakuwa mtu aliyelala vizuri siku hizo, na jambo hilo halikumsaidia chochote.

"Aliniambia usiku wa kuamkia siku ile mkaguzi alipokuja," mama akasema. "Alilia hapa, hapo ulipo. Ana mke, ana watoto. Kazi ile ikimtoka atavunjika. Namjua, nimemzaa. Wewe ukianguka unainuka. Tangu utoto wako, ukianguka ulikuwa unainuka mwenyewe, hata hulii."

"Nilikuwa silii kwa sababu mikono yako ilikuwa imembeba yeye."

"Usiseme hivyo."

"Ile leseni ndiyo ilikuwa yangu, mama. Vingine vyote nilipewa vikiwa vimeshatumika."

Mama alifunika uso kwa viganja vyenye harufu ya vitunguu. "Hujui nilivyoomboleza siku uliyoanguka. Hujui. Nilitembea na miguu mitupu mpaka barabarani."

Kijiti aliamini hilo. Alijua mama yake alitembea miguu mitupu, na alijua angetembea tena.

"Injini ilipozima mara ya pili," akasema, "yule daktari alimwita Mungu. Mimi sikumwita Mungu. Nilikuita wewe. Nilisema 'mama', kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya abiria." Akaiegemea fimbo zaidi. "Sasa nikianguka tena nimwite nani?"

Sebuleni watu walipiga makofi; bila shaka kaka alikuwa ametoka chumbani na sare yake. Mama aliondoa viganja usoni. Akamsogelea binti yake, akamshika mashavu kama alivyokuwa akifanya zamani, mara chache.

"Niite mimi," akasema. "Niite mimi, mwanangu. Mimi ni mama yako."

Hayo ndiyo maneno ambayo Kijiti aliyasubiri tangu alipopata akili. Aliyasikia vizuri, moja moja, uso wake ukiwa mikononi mwa mama yake, na hakuyaamini.